Injini Tulivu Kuliko Zote

9 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu nikiwa nimekalia kiti kile kile chenye mguu mbovu, ulichoniambia nikitupe miaka minne iliyopita. Bado kinanibeba na mimi bado nakilalamikia. Huku nyumbani tupo. Wifi yako anakusalimu. Anasahihisha madaftari ya darasa la tatu na kila akifungua ukurasa anaguna. Kikohozi chake kimeisha, mgongo wangu haujaisha. Paa la jikoni limeanza kuvuja mahali papya na pale pa zamani pamekauka penyewe, sijui nishukuru au nilie. Binti yetu Tosha ametimiza miaka ishirini na sita. Mama yake alipomzaa alisema huyu mmoja anatosha, ndiyo likawa jina, na kweli ametutosha kwa vurugu za watoto sita. Bado anasoma mita za maji. Siku sita anatembea mitaani akifukuzwa na mbwa, siku ya saba anakuja gereji kunifokea mimi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani. Simu za siku hizi ni ovyo kabisa. Mara ya mwisho ulipopiga niliambulia neno moja katika matano, nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo" tu, kumbe unaniuliza nani amefariki mtaa wa pili. Afadhali karatasi, naisoma polepole na miwani yangu.

Sasa neno lenyewe. Barabara ya kiwanda cha saruji inachukuliwa. Wenye eneo wanataka kujenga maghala, na klabu yetu imeruhusiwa kushindana mpaka katikati ya Mei, basi. Miaka ishirini na mbili tumekimbiza magari pale, mita mia nne zilizonyooka, mawili mawili, hadi lami imekuwa nyeusi kwa mpira. Nimejenga magari kumi na saba na hakuna hata moja lililomaliza chini ya sekunde kumi. Kumi na nukta mbili nimepata. Chini ya kumi, bado. Nina miaka hamsini na tisa, nimechoka mpaka kwenye kucha. Nataka mara moja tu, halafu nifunge boneti nikae.

Gari ni Bibi Harusi, yule mweupe wa milango miwili. Unakumbuka tulimwita hivyo kwa sababu ni mweupe na kila shughuli anachelewa kutoka. Nimempa injini mpya ya silinda sita, rodi nene za kushikia pistoni, na turbo kubwa kama sufuria ya shughuli. Pistoni nimezipeleka zikakerezwe mji mwingine, safari ya nusu siku, kuliko kuvuka barabara kwa yule mkereza vyuma wetu. Bado yupo pale mbele na mashine yake, na bado simsalimii tangu pistoni zake zilipotuvunjia injini miaka kumi na tisa iliyopita. Nalenga nguvu za farasi mia saba. Ataendesha Tosha. Ni mwepesi, mkono wake kwenye gia haujui kusita, na magoti yangu hayakubali tena kupenya kwenye vile vyuma vya kinga.

Bomba la shaba bado lipo. Wewe ndiye uliyekuwa unalivaa kabla hujatukimbia, kwa hiyo sina haja ya kukueleza, ila nalieleza kwa kuwa nalipenda. Upande mmoja nalifunga kwa bolti kwenye bloku ya injini, upande wa pili mpira unaingia kwenye vikombe viwili vya masikioni. Tosha anakanyaga mafuta, mimi nasikiliza. Petroli ikilipuka kabla ya wakati wake inasikika kama kokoto ndani ya kopo, na hapo narudisha cheche za plagi nyuma kidogo. Isiposikika, nazisogeza mbele, na kila nikisogeza nguvu zinaongezeka. Tosha ananisumbua eti tufunge kifaa cha umeme cha kusikilizia. Nimemwambia ninavyo viwili, nilizaliwa navyo.

Niandikie. Usipige simu.

Kaka yako


3 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua yako ilikaa wiki nzima kwa mlinzi wa getini kwa sababu uliandika namba ya nyumba kwa haraka zako. Nimeisoma nikiwa nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Siku hizi inavimba kufika saa nane mchana. Bado nakagua vitambaa. Kitambaa kinapita juu ya meza yenye taa, na mimi natafuta uzi uliokatika. Nikifumba macho nyumbani bado kinapita. Shemeji yako yupo barabarani na lori lake, namwona mara mbili kwa mwezi, na mara zote mbili amelala. Mpe pole wifi kwa madaftari. Hilo paa, kaka, mwite mtu wa mabati, usipande mwenyewe.

Nimefurahi kusikia habari za Bibi Harusi, nisikufiche. Niliponusa ile barua nilidhani ina harufu ya grisi. Lakini furaha yangu iliishia pale uliposema ataendesha Tosha. Farasi mia saba, kaka! Injini ya namna hiyo ikipasuka, inapasukia miguuni mwa dereva. Hilo nalijua kwa sababu ulinifundisha wewe.

Mfungie kile kifaa anachotaka. Hakikuvunjii heshima. Hapa kiwandani mashine za kufuma zina kelele kiasi kwamba tunaongea kwa mikono, na kila mwaka anakuja mama mmoja na kibanda chake kutupima masikio. Mwaka jana wafumaji tisa walikuwa hawasikii milio mingine na wenyewe hawakujua. Nakutajia tu.

Halafu, simu ya wifi naisikia vizuri kabisa nikimpigia. Ni nyumba ile ile, na mtandao ule ule.

Nijibu swali moja, ulijibu bila mizaha yako: ukivaa bomba, Tosha akikanyaga, unasikia nini?

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Pole na miguu. Wifi yako anasema iinue juu ya mto ukilala. Au alisema kitu kingine. Siku hizi anamung'unya maneno, nadhani ni yale meno ya nyuma. Mtu wa mabati alikuja, akaangalia paa, akatikisa kichwa, akaondoka. Sisi wazima. Wale ndege wadogo waliokuwa wanatupigia kelele juu ya bati la gereji kila asubuhi wamehama, nafanya kazi kwa utulivu.

Umeuliza nasikia nini. Sisikii kitu, ndiyo raha yenyewe! Miaka yote nimepigana na kokoto kwenye kopo. Unakumbuka tulivyokuwa tunasogeza cheche digrii moja mbele, kokoto, tunarudi nyuma, tunasogeza, kokoto, mpaka jua linazama. Hii haina. Nimesogeza digrii moja, kimya. Ya pili, kimya. Ya nne, mdogo wangu, naapa, inaunguruma tu kama mtu aliyeshiba. Sijawahi kujenga injini tulivu kama hii. Labda ni zile pistoni za mji mwingine, labda ni uzee umenifundisha mkono. Nakwambia ukweli, nilikaa kwenye ndoo ya oili nikacheka peke yangu. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka gerejini.

Jumapili tulimjaribu pale kwenye barabara ya saruji, turbo nikiwa nimeibana isivute yote. Sekunde kumi na nukta nne! Tosha alishuka, akavua kofia, akasimama akiniangalia. Akauliza, "Baba, umesikia?" Nikamwambia nimesikia muziki. Akaniangalia tena, akaenda kunywa maji. Nadhani alishikwa na hofu ya mwendo, hatasema, ana kiburi cha mama yake.

Kifaa cha umeme sifungi. Kinapiga kelele hata nati ikidondoka, kinakufanya uogope kivuli chako. Watu wa klabu wameanza kuja gerejini kuuliza nimefanya nini. Mimi naandamwa na maswali, najibu kwa mkato, natia chumvi kidogo. Niache nifurahi, mdogo wangu. Nimechoka miaka mingi, sasa hivi nimechoka vizuri.

Mbio za mwisho ni Jumamosi, 16 Mei.

Kaka yako


14 Aprili

Kaka, shikamoo.

Hapa tupo, miguu ni ile ile, shemeji yako kapita na kulala na kaondoka. Nimeomba likizo nije, msimamizi amesema hakuna likizo mpaka Juni. Safari ni siku mbili kuja na mbili kurudi, na nikiondoka bila ruhusa nafasi yangu kuna mtu anaisubiri mlangoni. Basi nakuandikia, nawe unisamehe kwa urefu wa barua hii.

Kaka, husikii. Injini haijatulia. Inagonga, na wewe husikii. Wifi hamung'unyi maneno na simu haina ubovu wowote. Wale ndege wapo juu ya bati mpaka leo; nimemuuliza wifi, anasema wanamtia wazimu. Yule mama wa kibanda alinieleza vizuri: kelele nyingi za miaka mingi zinaondoa kwanza ile milio ya juu, nyembamba, mwenyewe ukabaki unasikia muungurumo na kudhani umesikia vyote. Kokoto kwenye kopo ni mlio wa juu. Umekaa miaka thelathini mdomoni mwa ekzosi, ulitegemea nini?

Na sasa fikiri umefanya nini. Kila ulipokosa kusikia kokoto umesogeza cheche mbele. Digrii nne! Kila digrii inaipiga pistoni nyundo zaidi, na mwanao amekaa nyuma yake.

Nimempigia wifi. Amesema, "Wifi yangu, nilimwambia mwaka juzi akapimwe, akaninunia wiki tatu, chakula akawa anakula gerejini. Mimi nimechoka. Mwambie wewe, wewe anakuheshimu." Nimempigia Tosha. Nilimuuliza moja kwa moja kama injini inagonga. Alisema niache wasiwasi, injini iko vizuri, baba anajua anachofanya. Alisema haraka mno, kisha akaniuliza habari za miguu yangu. Sikumwamini, lakini nitamfanya nini kwa simu?

Kuna jambo la pili. Nimelibeba miaka kumi na tisa na nimechoka kulibeba. Siku ile injini ilipovunjika, bomba lilikuwa masikioni mwangu. Nilisikia kokoto, kaka. Nilisikia wazi. Lakini siku iliyotangulia nilikwambia nasikia, ukanifokea mbele ya wanaume wote wa klabu kwamba mtoto wa kike anasikia hata panya wakipiga miayo. Walicheka. Kwa hiyo kesho yake uliponiuliza kwa mkono, "Safi?", nilikuinulia kidole gumba. Nilikuogopa, na tena nilitaka ikuaibishe. Iliposambaratika na hakuna aliyeumia, ikawa rahisi kunyamaza. Ukamlaumu mkereza vyuma kwamba pistoni zake zilikuwa mbovu, ukamtangazia kila gereji, wateja wakamkimbia, na mimi nikakaa kimya nikitazama. Nilihama kwa ajili ya kazi, ndivyo nilivyosema. Nilihama kwa sababu kila asubuhi nilikuwa napita mbele ya mlango wake naye ananisalimia.

Pistoni zake zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu, na lako kidogo.

Usinijibu kwa hasira, au nijibu kwa hasira, vyovyote. Lakini kabla ya kujibu, mvalishe wifi lile bomba. Si lazima aelewe injini. Muulize tu anasikia nini.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zetu. Hatujambo, ila wifi yako ameshikwa na mafua ya kufunga muhula. Paa limepata mtu mwingine wa mabati, huyu hakutikisa kichwa, alipanda.

Bahasha yako imefika. Nimeipima mkononi, ni nene. Barua zako za furaha ni karatasi moja, za ugomvi ni tatu na kuendelea, nakujua tangu tukiwa watoto. Kwa hiyo sijaifungua. Nimeiweka kwenye droo ya spana, itanisubiri. Wiki mbili zimebaki na sitaki mtu anivunje moyo, hata wewe. Baada ya mbio nitaisoma yote na utanikaripia utakavyo.

Nimeongeza digrii mbili. Kimya, mdogo wangu. Kimya kabisa.

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Sina salamu leo. Fungua bahasha. Achana na hii, fungua ile.

Nimempigia wifi akufungulie, amesema droo ya spana ina kufuli na ufunguo uko shingoni mwako. Nimempigia Tosha mara nne, mara ya nne akapokea. Nikamwambia asiingie kwenye gari lile. Akaniambia, "Shangazi, ni siku moja tu, ipite." Akakata.

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi. Ikikufikia kabla ya tarehe kumi na sita, muulize mwanao ana maana gani.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Naanza na salamu kwa sababu sijui kuanza vingine. Wifi yako mzima, amerudi shuleni tangu juzi. Miguu yako nimesikia imepata nafuu. Nimesikia, yaani wifi yako ameniandikia kwenye daftari. Anapokuwa na jambo refu sasa anaandika, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, na mimi najisikia kama mtoto wa darasa la tatu.

Alikupigia siku ile ile, kwa hiyo unajua kwamba Tosha yu hai na unajua ameungua wapi. Mengine hujui, kwa sababu hata yeye hakuwepo uwanjani. Nimeahirisha kukuandikia kwa wiki mbili. Barua ya dereva wa basi ilifika tarehe kumi na tisa, basi lake liliharibika njiani. Bahasha nene nimeifungua tarehe ishirini, nikaisoma mara moja tu, sijaweza mara ya pili.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mkondo wa kwanza alipata sekunde kumi na nukta moja. Watu walianza kusogea upande wetu. Nikaachia turbo ivute yote. Tosha alikuwa ameshafunga mikanda, kioo cha kofia kimefunikwa, nikagonga boneti mara mbili kama kawaida yetu, kisha nikapanda pikipiki ya mtu nikaenda kumsubiri mwisho wa barabara, kule magari yanakosimamia baada ya mstari, kwenye ubao wa muda. Sikutaka kuambiwa, nilitaka kuuona mwenyewe.

Nilimwona akija. Unajua gari linavyokuja kwako likiwa na nguvu zile, pua juu, unadhani halitaki ardhi. Akanipita. Nikageukia ubao. Tisa na nukta tisa sita.

Tisa, mdogo wangu. Niliinua mikono yote miwili. Nikasimama vile, mikono juu, naitazama ile tarakimu ya tisa na machozi yananitoka. Watu wakaanza kukimbia kuja kwangu. Nikawafungulia mikono nikidhani wananipongeza. Wakanipita. Wa kwanza akanipita, wa pili akanipita, mama mmoja anayeuza matikiti akanipiga kikumbo na kisu chake mkononi, ndipo nikageuka.

Bibi Harusi alikuwa amesimama nyuma yangu, hatua thelathini hivi, hazizidi. Rodi ya silinda ya nne ilikuwa imetoboa bloku, oili imemwagikia ekzosi, moto uko chini ya sakafu. Na Tosha alikuwa ndani. Kifungo cha mikanda kilikuwa kimekataa kufunguka. Yule mama wa matikiti ndiye aliyeikata, mkanda mmoja mmoja, kwa kisu cha matikiti, na watu wengine wakimwaga unga wa kuzimia moto mpaka wote wakawa weupe. Nilifika wakiwa wameshamtoa.

Baadaye, nje ya wodi, yule mama alikuja na ndugu yake kumjulia hali. Nilimshukuru. Aliniambia kitu, nikaitikia ndiyo, ndiyo. Ndugu yake akaona sijaelewa, akanikaribia sikioni akasema kwa sauti, "Anasema pole. Anasema binti alikuwa anakuita wewe. Muda wote ule, Baba, Baba, uwanja mzima umesikia."

Nilikuwa hatua thelathini.

Sasa unajua. Nimeandika na sitaki kuandika tena.

Nimekwenda kupimwa. Huku nako kuna kibanda. Unakaa, unavaa vikombe vya masikioni, unaambiwa ubonyeze kitufe ukisikia mlio. Nilikaa nikisubiri mlio wa kwanza. Nikasubiri sana. Mpimaji akafungua mlango akaniambia tumemaliza. Sikio la kulia lina kitu kidogo, la kushoto halina kitu. Watanipa vifaa vya kuvaa mwezi ujao.

Na nimevuka barabara. Mkereza vyuma alikuwa amesimama kwenye mashine yake. Kichwa chake chote ni mvi, sikujua, miaka kumi na tisa nimekuwa namtazama kwa pembeni tu. Nilimwambia yote uliyoniandikia na nikaongeza ya kwangu, kwa sababu ya kwako ni kidogo. Mtoto anayefokewa mbele ya watu hawezi kusema alichosikia, hilo ni langu. Aliongea kwa muda mrefu kidogo. Sikuambulia neno hata moja, na niliona aibu kumwomba arudie. Lakini alizima mashine ili aongee na mimi. Akasogeza kigoda. Nikakaa.

Bloku nimeifungua peke yangu. Pistoni zote sita zina alama, kingo zimeliwa. Wala si siku ile tu. Zimekuwa zikiliwa tangu Machi.

Jana nilikwenda hospitali baada ya saa za chakula. Yuko kitanda cha tatu, wodi ya wanawake, mkono wa kushoto umefungwa mpaka begani. Vidole vinachezacheza, daktari ameridhika navyo. Nilikaa upande wa dirisha ili nimwone mdomo. Nilimwambia kuhusu kibanda. Nilimwambia, mwanangu, baba yako hasikii, sijui tangu lini, ningejua nisingekuweka mle. Nilikuwa nimejiandaa kulia, anifokee, mambo yaishe.

Hakushangaa. Alitingisha kichwa, akasema kitu. Sikukipata. Nikamwomba arudie, akarudia, nikapata neno "nilisikia" tu. Ndipo nikaelewa, mdogo wangu. Kumbe alisikia. Tangu ile Jumapili ya Machi aliposhuka akaniuliza kama nimesikia, yeye alikuwa amekaa juu ya zile kokoto na anazisikia. Alijua sisikii na alijua injini itapasuka, alichokuwa hajui ni siku gani. Na akaingia, akafunga mikanda, na nikagonga boneti mara mbili.

Wewe ulininyamazia kwa kuniogopa, hiyo naielewa, nimelala nayo na kuamka nayo. Lakini huyu haniogopi. Huyu ananifokea kila Jumapili tangu akiwa na miaka kumi na tano. Nikamuuliza kwa nini. Nadhani nilimuuliza kwa kelele, maana nesi alichungulia.

Akajibu. Sikusikia. Nikaweka mkono nyuma ya sikio, akajibu tena, midomo naiona inakwenda lakini macho yangu yalikuwa yamejaa, sikuweza kuisoma. Nikamwambia, mara ya mwisho, mwanangu, nisamehe. Akainuka kwa ule mkono mzima, akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka wagonjwa wote wa wodi wakageuka kutuangalia:

"Kwa sababu ulikuwa na furaha!"

Kaka yako